Maswali ya wastaafu kuhusu kipato, matumizi na sufuria ya jikoni

Kazi yangu ilikuwa stoo. Napokea mzigo, naandika leja, natoa kwa hati, na mwisho wa mwezi nahesabu kilichobaki. Siku niliyokabidhi funguo nilijiambia hesabu nimeziacha kule kule. Huu ni mwaka wa saba, na nimehesabu kuliko nilivyowahi kuhesabu kazini. Maswali haya ni yale ninayoulizwa na wenzangu waliostaafu na wanaokaribia kustaafu. Nimeyajibu kama ninavyowajibu tukiwa tumekaa.

Kiinua mgongo kimeingia. Nianze na nini?

Anza kwa kutofanya kitu. Miezi mitatu ya mwanzo fedha zikae kwenye akaunti tofauti na ile unayochotea matumizi, au kwenye amana ya muda mfupi yenye riba. Kitu pekee cha kulipa haraka ni deni lenye riba kubwa, maana hakuna amana itakayokulipa zaidi ya kile deni hilo linachokula.

Sababu ni kwamba bado hujui maisha mapya yanagharimu kiasi gani. Nauli ya kazini imeondoka, lakini sasa uko nyumbani mchana kutwa: taa, maji, chai ya saa nne, wageni. Mimi sikusubiri. Mwezi wa kwanza nilibadilisha makochi, nikapaka nyumba rangi ndani na nje, nikanunua mashine ya kukatia majani ambayo imewashwa mara mbili. Mwezi wa tano paa likavuja, na fedha ya paa nilikuwa nimeikalia sebuleni.

Pensheni inaingia kila mwezi lakini haivuki tarehe 20. Tatizo ni nini?

Mara nyingi pensheni inatosha mwezi ila haitoshi mwaka. Unapanga chakula, umeme, maji na dawa, vyote vinaingia. Kisha inakuja bima, inakuja kodi ya ardhi, linakuja jino, unakuja msiba. Kila kimoja unakiita dharura. Kitu kinachokuja kila mwaka si dharura.

Chukua daftari, andika kila kinachotoka kwa miezi mitatu, hata betri za rimoti. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mtunza stoo yeyote atakuapia hilo. Halafu kaa uorodheshe gharama za mwaka mzima zisizo za kila mwezi, jumlisha, gawa kwa 12. Kiasi hicho ukitoe siku ile ile pensheni inapoingia, kabla hujanunua hata mkate. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza niligundua kwamba karibu moja ya tano ya pensheni yangu haikuwa ya mwezi ule kabisa. Nilikuwa naila kila mwezi kisha nakopa kuirudisha.

Wengine hutenga bahasha: chakula, nyumba, afya, safari. Bahasha ikiisha imeisha. Njia ya kizamani, lakini anayetumia simu kulipa kila kitu anaihitaji zaidi, kwa sababu fedha ya kwenye simu haionekani ikipungua.

Akiba yangu nijilipe kiasi gani kwa mwezi?

Toa kwanza fungu la dharura, lisilopungua matumizi ya miezi sita. Kinachobaki kigawe kwa 300. Jibu ndilo mshahara wako wa mwezi kutoka kwenye akiba hiyo, nao uingie akaunti ya matumizi tarehe moja kila mwezi, kama ulivyozoea ukiwa kazini.

Miezi 300 ni miaka 25, kwa hiyo aliyestaafu na miaka 60 anafika 85. Aliyetoka na 55 agawe kwa 360. Hesabu hii inachukulia kwamba fedha hazijalala chini ya godoro, yaani riba yake inakimbizana na mfumuko wa bei na kila mwaka unaweza kujipandishia kidogo.

Moja ya 300 kila mwezi ni asilimia 4 kwa mwaka, na asilimia hiyo ina historia. Mwaka 1994 mshauri wa fedha wa Marekani, William Bengen, alipima rekodi za hisa na hatifungani (hati za kuikopesha serikali au kampuni kwa riba) za nchi yake kuanzia 1926. Alikuta kwamba mtu aliyechota asilimia 4 mwaka wa kwanza, kisha akaongeza kiasi hicho kila mwaka kulingana na mfumuko wa bei, alivuka miaka 30 bila kuishiwa, hata kama alistaafu kipindi kibaya. Hiyo ni historia ya nchi moja. Mahali ambapo bei hupanda kwa kasi, au ambapo akiba yako yote iko kwenye kitu kimoja, chota pungufu.

Kwa nini watu husema miaka ya mwanzo ya kustaafu ndiyo ya hatari?

Angalia hesabu hii ndogo. Una 100, na kila mwanzo wa mwaka unachota 10. Mwaka mmoja uwekezaji unashuka asilimia 20, mwingine unapanda asilimia 25. Usipochota chochote, unarudi kwenye 100 kamili, ianze hasara au ianze faida.

Ukichota mambo yanabadilika. Hasara ikitangulia: 100 toa 10 ni 90, ikishuka inabaki 72; toa 10 tena ni 62, ikipanda inakuwa 77.5. Faida ikitangulia: 90 inapanda hadi 112.5, toa 10 ni 102.5, ikishuka inabaki 82. Hasara ni ile ile na faida ni ile ile, lakini mmoja ana 82 na mwingine 77.5 baada ya miaka miwili tu. Ukiuza wakati bei iko chini, ulichouza hakipo tena bei inapopanda.

Ndiyo maana matumizi ya mwaka mmoja au miwili yakae mahali pasipoyumba, na mwaka wa hasara ujibane zaidi kidogo. Mwaka wa hasara si mwaka wa kujenga uzio.

Pensheni haiongezeki, bei zinaongezeka. Nitafika wapi?

Gawa 72 kwa asilimia ya mfumuko wa bei, utapata miaka ambayo bei zitachukua kuongezeka maradufu. Kwa asilimia 6 ni miaka 12. Kwa asilimia 8 ni miaka 9. Mstaafu wa miaka 60 ataiona hali hiyo, pengine mara mbili. Kwa hiyo sehemu ya akiba lazima iwe kwenye kitu kinachokua, hata kama unaogopa hisa kama mimi. Hatifungani, amana, kodi ya chumba, chochote kinacholeta riba au kipato halali. Na kama unachagua kati ya kupokea fungu kubwa kwa mkupuo na pensheni kubwa ya kila mwezi, uliza kwanza kama pensheni hiyo hupandishwa kufuata bei, na kama mwenzi wako ataendelea kuipokea ukitangulia. Mtu anayejijua mkono wake una tundu achague ya kila mwezi.

Nifungue biashara?

Kama uliwahi kuifanya, ndiyo, kwa fedha ambayo ikipotea utaendelea kula. Kama hukuwahi, kaa kwenye biashara ya mtu miezi sita kwanza, bure ikibidi.

Nimeambiwa kuna mahali fedha inazaa asilimia 20 kwa mwezi.

Boston, mwaka 1920, Charles Ponzi aliahidi faida ya asilimia 50 ndani ya siku 45. Alisema anapata faida kwa kununua kuponi za majibu ya posta, zile za kubadilisha na stempu ya kujibia barua, nchi moja na kuzibadilisha nyingine. Piga hesabu ya ahadi hiyo: mtu aliyeweka 100 na kuacha faida izae, baada ya vipindi vinane, yaani mwaka usiotimia, angekuwa na zaidi ya 2,500. Hakuna posta duniani ingeweza kubeba faida hiyo. Waliotangulia walilipwa kwa fedha za waliofuata, na Agosti mwaka ule ule kila kitu kikaanguka.

Mchezo huo sasa unaitwa kilimo, madini, sarafu za mtandaoni, upatu wa kisasa, na huwapenda wastaafu kwa sababu tarehe yetu ya kulipwa inajulikana. Angalia mambo matatu: faida inayoahidiwa haiyumbi hata mwezi mmoja, unalipwa zaidi ukileta watu, na unahimizwa uamue leo. Moja likitokea, ondoka. Usione haya kumkatalia rafiki aliyekwisha lipwa mara mbili. Hakudanganyi, yeye naye amedanganywa.

Watoto na ndugu wanakopa. Nawakatalia vipi?

Weka fungu la kusaidia kwenye bajeti, dogo lakini la kweli, na likiisha sema limeisha. Unachotoa kihesabu kama zawadi, kikirudi, shukuru. Usitie sahihi kudhamini mkopo wa mtu kwa nyumba unayolala. Hapo sina la kuongeza.

Wapi nibane, na wapi nisithubutu kubana?

Usibane dawa. Kugawa kidonge cha presha nusu ili kivuke mwezi ni njia ya mkato ya kwenda wodini, na siku moja ya wodi hula vidonge vya mwaka. Muulize mfamasia kama kuna dawa yenye kiambato kile kile isiyo na jina kubwa la kampuni. Mara nyingi ipo kwa bei ndogo zaidi. Usibane miwani, meno, wala viatu vyenye soli inayoshika chini. Mzee akianguka bafuni, bajeti yote inaanguka naye.

Bana vitu vinavyojilipa vyenyewe kila mwezi bila kukuuliza: vifurushi vya televisheni usiyoitazama, makato ya akaunti ya pili, gari la pili. Balbu ya LED hutumia umeme pungufu kwa asilimia 75 hivi ukilinganisha na ile ya kizamani yenye waya unaowaka. Jambo gumu kulisema ni nyumba. Vyumba vitano kwa watu wawili ni paa la vyumba vitano, rangi ya vyumba vitano na ufagio wa vyumba vitano.

Jikoni nianzie wapi?

Anzia kwenye pipa la taka. Wiki moja, kabla ya kutupa, angalia unachotupa: mboga iliyonyauka, mkate ulioota ukungu, wali wa juzi. Hicho ulishakilipia. Stoo tulikuwa na sheria, kilichoingia kwanza kitoke kwanza, na kwenye kabati langu la jikoni sheria ni hiyo hiyo. Kipya kinawekwa nyuma, cha zamani kinasogezwa mbele.

Pili, panga chakula kutoka kwenye ulichonacho. Watu wengi huwaza "leo nile nini" halafu wanakwenda kununua. Fungua kabati kwanza.

Tatu, pika mara moja, ule mara tatu kwa sura tofauti. Hapa nyumbani Jumapili tunachemsha maharage makavu vikombe viwili, ambavyo vikiiva vinakaribia vikombe sita. Sehemu ya kwanza inaungwa kwa kitunguu, nyanya na karoti, inaliwa na wali. Sehemu ya pili, keshokutwa yake, inapondwa na kuongezwa maji iliyochemshiwa, kitunguu saumu na kabichi iliyokatwa nyembamba. Hiyo ni supu, na mkate wa jana ukichovywa humo hakuna anayejua ni wa jana. Sehemu ya tatu inakwenda friza siku ile ile ikiwa na tarehe kwenye kifuniko, ikisubiri siku ambayo nitachoka na kutaka kununua chakula cha nje. Siku hiyo huja kila wiki.

Maganda safi ya karoti, mizizi ya vitunguu na mifupa ya kuku vinakaa kwenye mfuko mmoja wa friza. Mfuko ukijaa unachemshwa saa moja na kuchujwa. Maji yake yanapikia wali, na vile vidonge vya supu vya dukani, ambavyo ni chumvi tupu, nimeacha kuvinunua.

Maharage yangu hayaivi, yanamaliza gesi. Nakosea wapi?

Pengine sehemu tatu. Kwanza hujaloweka. Loweka usiku kucha, na ukitia chumvi kidogo kwenye maji ya kulowekea ganda hulainika zaidi. Najua umefundishwa kwamba chumvi inayafanya magumu. Nami nilifundishwa hivyo, nikabisha miaka mingi hadi nilipopika sufuria mbili upande kwa upande.

Pili, unatia nyanya au limau mapema. Kinachozuia maharage kulainika ni uchachu. Nyanya iingie yakishaiva. Magadi yanalainisha haraka, lakini yanaharibu vitamini B1, na yakizidi ladha inakuwa ya sabuni.

Tatu, moto. Maji yakishachemka ni nyuzi 100, na hata ukifungua gesi yote yatabaki nyuzi 100. Unachoongeza ni mvuke tu. Yakishachemka kwa nguvu, punguza hadi yatokote polepole, funika. Sufuria ya presha hupandisha joto hadi nyuzi 120 hivi, ndiyo maana maharage yaliyolowekwa huiva humo kwa dakika 20 hivi badala ya saa moja na nusu. Ni kifaa ambacho hurudisha bei yake.

Usiye na sufuria ya presha, chemsha vizuri, kisha weka sufuria iliyofunikwa ndani ya kapu au boksi lililojazwa mablanketi ya zamani, uifunge pande zote. Maharage yataendelea kuiva bila moto. Kabla ya kula, chemsha tena.

Onyo moja: maharage mekundu yana sumu ya asili ambayo huisha kwa mchemko wa kweli. Mwaga maji ya kulowekea, weka mapya, na yachemke kwa nguvu dakika 10 kwa uchache kabla ya kupunguza moto au kuyahamishia kwenye kapu. Yaliyopashwa joto tu bila kuchemka huumiza tumbo vibaya.

Kununua kwa jumla ni nafuu kweli?

Gawa bei kwa uzito, ndipo uamue. Mara nyingine pakiti kubwa ni ghali kwa kilo kuliko ndogo, na muuzaji anajua hutagawa. Nunua kwa wingi vikavu unavyokula kila wiki tu.

Mimi, mtunza stoo mzima, niliwahi kununua mfuko mkubwa wa unga kwa furaha ya punguzo. Tulikuwa wawili nyumbani. Mwezi wa tatu nikafungua kifuniko nikakuta unga unatembea. Fukusi mara nyingi huja wakiwa mayai ndani ya nafaka yenyewe. Siku hizi nikinunua, nagawa kwenye mifuko midogo, kila mmoja unalala friza siku nne, kisha unahamia kwenye chombo kikavu chenye kifuniko kinachobana. Nyama na kuku ni vivyo hivyo: kuku mzima ukimkata mwenyewe ni nafuu kuliko vipande, na migongo ni ya mfuko wa supu.

Kiporo kikae muda gani?

Kisikae mezani zaidi ya saa mbili. Kigawe kwenye vyombo vifupi ili kipoe upesi, kiingie kwenye friji yenye nyuzi 4 au chini, kiliwe ndani ya siku tatu au nne, na kikipashwa kitoe mvuke hadi katikati.

Wali uwe macho nao zaidi. Kuna bakteria wanaostahimili kupikwa, wali ukilala sufuriani usiku kucha wanazaliana na kutoa sumu ambayo haiondoki hata ukiuchemsha tena. Wali ulioachwa nje usiku, mwaga. Naumia kuandika hivyo, lakini mwaga. Asiye na friji apike wa kuisha.

Tukipunguza nyama, protini tutaitoa wapi?

Wataalamu wa lishe ya wazee hushauri gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mwenye kilo 60 anahitaji 60 hadi 72. Yai moja lina kama 6. Gramu 100 za maharage makavu zina zaidi ya 20, na yakiliwa na nafaka kila kimoja kinajaza pengo la mwenzake. Samaki wadogo, maziwa, dengu na karanga vimo humo. Kosa la wazee wengi, hasa wanaoishi peke yao, ni chai na mkate asubuhi, chai na mkate jioni. Ni nafuu, ndiyo, lakini misuli inakwisha. Mwenye ugonjwa wa figo asifuate namba zangu, amuulize daktari wake.

Mwenzangu hajui chochote kuhusu fedha zetu na hataki kujua.

Hapo ndipo nimeona nyumba zikiteseka zaidi, kuliko kwenye bei ya unga. Mmoja anaondoka ghafla, na mwingine hajui akaunti ziko benki gani, nani anadaiwa, wala mrithi aliyeandikwa kwenye mfuko wa pensheni ni nani. Kuna mzee mwenzangu aliyekuta jina la dada yake kwenye fomu aliyoijaza kabla hajaoa, miaka 30 nyuma.

Usimlazimishe kwenye daftari la kila siku. Mwombe nusu saa kwa mwezi, siku pensheni inapoingia, chai ikiwa mezani. Andikeni ukurasa mmoja: akaunti, bima, hati ya nyumba, madeni, warithi walioandikwa na namba ya mtu wa kumpigia. Namba za siri zisiwe kwenye ukurasa huo. Ukurasa uingie kwenye bahasha, bahasha ikae mahali ambapo wote wawili mnaweza kufika bila kumuuliza mtu. Yetu iko kabatini, nyuma ya kopo la mchele, na mke wangu ndiye aliyechagua mahali.